Pini Iliyokataa Kukatika

Kwa mara ya tatu tangu asubuhi Inspekta aliisukuma picha ile ile juu ya meza, na kwa mara ya tatu Mama Stoo aliitazama, kisha akarudi kutazama mikono yake.

Picha yenyewe haikuwa na mengi. Gari la mradi wa visima limezama kwenye matope hadi mlangoni. Mbele yake, mti wenye mkanda mnene umefungwa kiunoni. Chini ya mti, winchi ya mkono, nyekundu, imelala ubavu, na waya wake umekatika. Aliyekuwa akiivuta hakuwemo kwenye picha. Siku nne zilizopita waya ule uliporuka ulimpiga dereva usoni, na sasa alikuwa hospitali. Jicho la kulia lilikwisha kutolewa. La kushoto, madaktari walikuwa bado wanasema "tusubiri".

Dereva huyo watu walimwita Kiboko, kwa sababu hakuna dimbwi lililowahi kumshinda. Mama Stoo, mtunza stoo wa mradi, ndiye aliyeichagua winchi. Tena alikuwa dada mkubwa wa mke wa Kiboko. Kwa hiyo maneno yalikuwa yamempata pande zote mbili, kazini na nyumbani, na kesho saa tatu angepelekwa mahakamani kujibu shtaka la uzembe.

"Uliinunua kwa bei gani?" aliuliza Inspekta.

"Thuluthi ya bei ya ile yenye jina kubwa."

"Thuluthi! Rahisi ghali, mama. Hujawahi kuusikia msemo huo?"

"Nimeusikia, afande."

"Na bado ukanunua."

"Nilichagua. Sababu zangu niliziandika kabla sijanunua, karatasi mbili. Zimo kwenye faili la stoo."

"Watu wakishakosea ndipo wanapojua kuandika insha."

Koplo, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, alisimamisha kalamu. Alikuwa binti mpya kituoni, ana mwezi mmoja tu tangu ahamishiwe hapo, na bado hakuwa amezoea ulimi wa mkubwa wake. Kituo kizima kilimwita Inspekta "Hatua", kwa sababu ya ule wimbo wake wa kila siku: hatua kwa hatua, hatua kwa hatua. Kwenye kukagua vitu alikuwa na subira ya konokono. Kwenye kuhoji watu, subira hiyo alikuwa akiiacha nje ya mlango.

"Haya," alisema. "Nani mwingine ameishika winchi hii tangu uinunue?"

"Daftari la kuazimisha lipo stoo. Kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Nakuuliza wewe, siuulizi msumari."

Mama Stoo alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Kosa langu ni moja, afande. Iliporudi mara ya mwisho sikuikagua. Kama ni kufungwa, nifungwe kwa hilo."

"Iliporudi kutoka wapi?"

Hapo ndipo mama huyo alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Alimtazama kwa utulivu, muda mrefu kidogo kuliko mahabusu anavyomtazama mpelelezi wake.

"Daftari lipo stoo," akasema.

Walipomtoa chumbani, koridoni walikutana na mdogo wake, mke wa Kiboko, amekuja kugongewa muhuri fomu ya hospitali. Mama Stoo alifungua mdomo kumsalimu.

"Usinisalimie," alisema mdogo mtu. "Ulipewa fedha za kumlinda mume wangu, ukatafuta cha bei ya chini. Mama yetu angekuwa hai angekuonea aibu."

Mama Stoo aliinamisha kichwa, akapita. Inspekta alisikia kila neno. Kwa kweli aliona kwamba yule mwanamke amemsaidia kazi.

*

Meneja wa mradi alikuwa mtu wa kujipangusa jasho hata akiwa kivulini. Aliwapokea Inspekta na Koplo mlangoni pa stoo kwa maneno mengi kabla hawajamuuliza lolote.

"Mimi nilitaka ya umeme, ile ya kufungwa mbele ya gari. Ya kisasa! Unabonyeza kitufe, gari linatoka. Yeye akatuletea chuma cha kuvuta kwa mikono. Halafu hebu jiulizeni, Inspekta, mtu anakimbilia rahisi kwa nini? Chenji inakwenda wapi?"

"Una ushahidi?"

"Nina akili."

"Hiyo haigongwi muhuri," alisema Inspekta, akampita.

Stoo ilikuwa safi kuliko ofisi nyingi za serikali. Mabomba yalipangwa kwa unene, koleo kwa urefu, glavu zimebanwa jozi jozi kwa vibanio vya kuanikia nguo. Koplo alilipata faili, akasoma zile karatasi mbili huku amesimama. Alipofika katikati aliketi juu ya mfuko wa saruji, akaanza upya.

"Anasema nini?" Inspekta aliuliza.

"Anasema mradi una magari matatu, na winchi ya umeme ikifungwa kwenye gari moja, mawili yanabaki yatima. Anasema ile ya umeme inavuta kwa mbele tu, na gari likizimikia majini betri inakufa, winchi nayo inakufa. Ya mkono unaihamisha, unavuta hata kwa nyuma." Aligeuza ukurasa. "Halafu kapeleka gari kwenye mzani wa malori, likiwa na mabomba na watu. Tani tatu na robo. Matope yanaongeza mzigo, kwa hiyo akatafuta ya kuvuta tani mbili pamoja na kapi, maana waya ukipita kwenye kapi nguvu inakuwa mara mbili. Za mkono zilikuwa tatu. Ndogo ya meno, waya wake mfupi na meno yanaruka, kaikataa. Ya jina kubwa, bei haishikiki. Ya katikati, haina jina lakini ina taya mbili za kushika waya, kachukua hiyo." Koplo alifunga faili. "Afande, huyu mama anafikiri kuliko sisi."

"Mwizi mzuri pia anafikiri. Lete daftari."

Daftari lilikuwa pale pale kwenye msumari. Koplo alisoma kwa sauti. Shule ya msingi, kuvuta mti ulioangukia choo, siku moja. Imerudi, pini moja imekatika. Gereji ya njia panda, kuvuta trekta, siku mbili. Imerudi, pini mbili zimekatika, wameleta nyingine. Shule tena, pini moja.

"Kituo cha polisi," aliendelea. "Siku tatu. Imerudi nzima."

"Hiyo ni sisi. Lori letu lilikwama wakati wa mvua. Ruka, endelea."

"Hakuna cha kuendelea, afande. Baada ya hapo ni ajali."

Inspekta alichukua daftari, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akalitia kwenye bahasha. Hatua iliyofuata ilikuwa duka la vipuri. Alikuwa amekwisha kuamua kichwani kwamba winchi ilikuwa feki, na alichohitaji sasa ni mdomo wa mtaalamu wa kulisema neno hilo.

*

Mwenye duka alijulikana kama Mzee Spana. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi ya miaka mingi. Duka lilijaa minyororo, jeki na mikanda hadi darini.

"Yule mama namkumbuka," alisema. "Wateja wote wakiingia hapa wanauliza bei. Yeye aliuliza uzito. Alikuja mara tatu, kila mara na maswali mapya, mpaka mke wangu akaanza kuniangalia vibaya."

"Ulimpa kitu kidogo anunue kwako?" aliuliza Inspekta.

"Yeye ndiye aliyenikamua! Alinibana punguzo, halafu kwenye hilo punguzo akachukua kapi na jozi mbili za glavu. Risiti ninazo. Akija mwingine kama yule nafunga duka."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Alifungua gunia, akaitoa winchi iliyovunjika, akaiweka juu ya kaunta na kibandiko chake cha ushahidi.

"Sema kama ni feki."

Mzee Spana alivaa miwani vizuri. Hakuwa na haraka. Alifungua mfuniko, akamulika taya kwa tochi, akazigusa. Akapitisha waya vidoleni kwa kitambaa, akasimama mahali ulipokatika, akarudi nyuma kama urefu wa mkono.

"Si feki. Taya zote mbili nzima. Waya ndio umekatika, lakini tazama hapa nyuma, nyuzi zilishaanza kuchanika kabla. Kutu imeingia ndani. Waya huu uliumizwa siku nyingine, ukaja kumalizikia siku ya ajali. Sasa swali ni kwamba uliumizwaje." Alivuta wenzo wa winchi, ile fimbo nene ya kuvutia, akaukagua pale unapoungana na mwili. Kisha akakwangua kwa ukucha, halafu kwa ncha ya bisibisi. Rangi nyekundu ilitoka vipande, na chini yake pakaonekana chuma cheusi.

"Nani kaweka bolti hapa?"

Mzee aliteremsha winchi mpya kutoka kwenye rafu, ya aina ile ile, akagonga mahali pale pale, ikatoka pini fupi ya rangi ya dhahabu. Alimpa Koplo.

"Ibane kwenye jiriwa hapo, uipige nyundo mara moja."

Koplo aliipiga. Ilikatika kama biskuti.

"Mbovu!" alisema.

"Nzuri kabisa. Imetengenezwa ikatike. Ni shaba laini. Ukivuta mzigo uliozidi, inakatika pini, wenzo unalegea, wewe unabaki umeshika fimbo. Waya haujaumia, mtu hajaumia. Winchi imekuambia: basi, umezidisha. Hapo unachimba matope, unatia kapi, ndipo unaweka pini nyingine. Za akiba hukaa humu ndani ya mpini." Alifungua kizibo cha mpini wa ile iliyovunjika, akaugeuza juu chini. Haukutoka kitu. "Zimekwisha. Mtu alikata pini zote, moja baada ya nyingine, bila kujiuliza kwa nini. Akaona kero. Akatia bolti ngumu. Kuanzia hapo unaweza kurefusha wenzo kwa bomba, ukaning'iniza watu sita, na winchi haitasema kitu mpaka waya useme."

Koplo alikuwa tayari ameshafungua faili. "Afande! Maelezo ya Kiboko. Hili neno halikutuingia akilini." Alisoma: "'Wenzo ulikuwa mzito. Nikawaambia wenzangu, pini ikikatika tunaacha, tunachimba. Haikukatika, nikajua bado tuna nafasi.'"

"Maskini," alisema Mzee Spana. "Alimuamini aliyekwisha kuzibwa mdomo."

"Na rangi je?" aliuliza Koplo. "Bolti imepakwa rangi ili isionekane. Basi hii ni kusudi. Kuna mtu alitaka kumuua Kiboko!"

Mzee alitikisa kichwa. "Kusudi sijui. Mimi ninachojua, mtu hapaki rangi kitu asichokionea haya."

Inspekta alikuwa ameinama juu ya winchi. Aliitazama ile bolti, akaitazama rangi chini ya bisibisi, na uso ukamwaka moto hadi masikioni. Aliomba maji. Mzee alimpa kikombe, akanywa yote, akakirudisha bila kusema asante.

*

Ndani ya gari, Inspekta aliwasha injini na hakuondoka. Koplo alikuwa na daftari mapajani, na furaha ya mwindaji aliyeona nyayo.

"Hatua kwa hatua," alisema, akimwiga. "Aliyeweka bolti ni mmoja wa waliowahi kuishika. Kiboko mwenyewe? Hapana, kama angejua kuna bolti asingesubiri pini ikatike. Mama Stoo? Yule anabana glavu kwa vibanio, angeandika. Wanabaki walioazima. Shule walikata pini wakaandika. Gereji wamekata mbili, wakaandika na wakalipa. Shule tena, pini. Kila aliyevuta kitu kizito alirudisha na pini zilizokatika, kwa sababu ndivyo winchi ilivyo." Kidole chake kilishuka mstari wa mwisho, kikasimama. "Halafu sisi. Lori la tani tano, kwenye mvua. Imerudi nzima."

Alisoma tena mstari ule, kimya kimya, akisogeza midomo.

"Afande, kwenye daftari hili mstari msafi kuliko yote ndio mchafu."

Inspekta aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Nani alikuwa kwenye lori siku ile?" aliuliza Koplo.

Dereva wa lori alikuwa amehamishwa. Alikuwa mbali, kimya, hana mtu wa kumtetea, na jina lake lilikuwa jepesi kulitamka. Inspekta alilifikisha hadi kwenye ncha ya ulimi. Aliona aibu hata ya kulifikiria, lakini alilifikisha.

"Mimi," akasema.

Koplo hakugeuka.

"Nilikuwa mkubwa wa msafara. Pini ya kwanza ilikatika, tukatia nyingine. Ikakatika. Tulipomaliza zote nikasema, kumbe kitu chenyewe cha bei rahisi ndiyo maana. Nikatafuta bolti kwenye sanduku la vyuma vya lori. Tukachomeka bomba kwenye wenzo tukavuta watu sita. Lori likatoka. Tukapiga makofi."

"Na rangi?"

"Nilikuwa nimeazima kitu cha watu kikiwa kizima. Polisi, tena inspekta, nirudishe kitu cha watu kimevunjika? Niliona aibu. Nikanunua kopo dogo la rangi. Nikapaka mwenyewe, nyumbani kwangu, na nilipomaliza nikasema kimependeza. Nikampelekea yule mama mkononi. Nikamwambia, 'Mali yenu hii, mama, nzima kabisa.'"

Gari lilinguruma pale pale lilipo. Nje mtu alipita na tairi begani, akawapungia mkono, hakuna aliyempungia.

"Asubuhi ulimwambia rahisi ghali," alisema Koplo polepole.

"Nakumbuka nilichosema."

"Na kwenye ripoti ya ushahidi uliandika, 'Pini: nzima.'"

"Koplo, nakumbuka."

Alitoa breki, wakaondoka. Walipofika kituoni Inspekta aliingia moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, akasimama wima, akaeleza yote tangu pini ya kwanza. Mkuu alisikiliza huku akizungusha kalamu. Kisha aliamka, akafunga dirisha.

"Bolti haina jina, Hatua. Andika 'mtu asiyejulikana', mwachie yule mama, tumalize."

"Ndugu zake watajua ameachiwa. Hawatajua kwamba hana kosa."

"Unajua utakachopoteza?"

"Najua."

"Hujui," alisema mkuu, na safari hii sauti yake haikuwa ya ukali. "Lakini nenda."

Chumba kilikuwa kile kile, meza ile ile. Inspekta alizunguka akakaa upande wa pili, kwenye kiti alichokalia Mama Stoo asubuhi. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi na kiliyumba. Mwaka mzima alikuwa akiwakalisha watu hapo na hakuwahi kujua. Koplo aliuliza maswali kama alivyofundishwa, bila kuruka hata moja.

"Ulipoona pini zinakatika, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Wakati wa kurudisha, ulimwambia mtunza stoo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Andika hivyo hivyo."

Akaandika.

*

Mama Stoo alisimama kwenye kaunta ya kituo akirudishiwa vitu vyake: saa, pochi, funguo za stoo. Inspekta alimweleza akiwa amesimama mbele yake, askari wengine wakisikia. Alitarajia mshangao. Mama Stoo alivaa saa yake, akafunga kifungo.

"Nilijua," alisema. "Tangu juzi uliponionyesha ile picha. Pale penye pini rangi ilikuwa imebanduka chembe, na chini yake si shaba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, baba? Siku uliyoirudisha niliona rangi mbichi. Nikajisemea, kumbe wapo waungwana, wameazima chombo na kukipaka rangi. Kazi yangu ilikuwa kufungua mpini na kuhesabu pini. Lakini wewe ulikuwa umesimama hapo, umeniambia nzima kabisa. Nikifungua mbele yako, si nimekuita mwongo? Niliona vibaya. Nikaandika 'nzima'." Alitia funguo za stoo kwenye pochi. "Kwa hiyo sikujitetea. Na wewe, kila uliponiuliza, nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Jana nilisubiri. Leo asubuhi ukanitania na insha yangu, nikasubiri. Nilikuwa naona haya kwa ajili yako."

Maneno yote aliyokuwa nayo Inspekta yalikuwa ya kuhojia watu.

"Nisamehe, mama."

"Mimi sijapofuka," alisema Mama Stoo.

*

Hospitalini ilikuwa saa ya kuwaona wagonjwa. Kiboko alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, kichwa chote kimezungushiwa bandeji hadi puani. Mkewe alikuwa akimkata kucha. Alipomwona Inspekta alisimama, na alipomwona dada yake nyuma, akakunja uso.

"Huyu asiingie," alisema.

Mama Stoo hakubishana. Alibaki mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Nani?" aliuliza Kiboko, akigeuza kichwa huku na huku.

"Inspekta."

"Ah, afande! Karibu, karibu." Alinyoosha mkono hewani, kombo kidogo, na Inspekta akaufuata akaushika. Ulikuwa mkono mkubwa, mgumu, wa mtu aliyezoea usukani. "Siku zote hizi najiuliza mimi. Wenzo ulikuwa mzito, afande, lakini pini ilikuwa inanigomea. Kila usiku naivuta tena kichwani. Nasema, labda nilihesabu vibaya. Labda kazi hii sikuijua kumbe. Umejua ilikuwaje?"

"Nimejua. Hukukosea. Palikuwa na bolti mahali pa pini, imepakwa rangi usiione."

Kiboko alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Mabega yake yalishuka. "Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo. "Basi si mimi." Kisha akauliza, "Umempata aliyeiweka?"

"Nimempata."

"Yuko wapi?"

Mke wa Kiboko alikuwa ameacha kumtazama dada yake. Sasa alimtazama Inspekta, na mkasi mdogo wa kucha ulikuwa bado mkononi mwake.

"Umemshika mkono," alisema Inspekta.

Alieleza yote, lori, pini, kopo la rangi, na yale maneno ya kurudishia. Alieleza kwa sauti ya chini. Kiboko alisikiliza bila kujigeuza. Mkono hakuuachia. Aliubana kidogo kidogo, mpaka vidole vya Inspekta vikauma, na Inspekta hakuvivuta.

"Na winchi?" aliuliza Kiboko alipomaliza. "Ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzuri. Shemeji yako alichagua vizuri."

"Yuko wapi shemeji?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Mlangoni. Mimi nilimkataza kuingia."

Kiboko aligeuza uso wake uliofungwa kuelekea mlangoni.

"Basi sema tena, afande," alisema. "Sema kwa sauti, asikie."

Inspekta alisimama wima, mkono wake ungali umeshikwa, akaanza tangu mwanzo, kwa sauti, huku amemwelekea Mama Stoo.